Nanga Hutiwa kwa Hesabu: Kulaza Chombo Salama Ufuoni Uvira

Asubuhi ufuo wa Uvira hudanganya. Milima ya Mitumba imekinga upande wote wa magharibi, maji yametulia, na mitumbwi ya wavuvi wa ndakala, yaani dagaa, inarudi polepole kuelekea mwaloni. Mgeni aliyekuja na boti ya safari kutoka Baraka au Kalemie hujiambia kwamba mahali kama hapa jiwe na kamba vinatosha. Ikifika saa nane mchana upepo umegeuka, sasa unatoka ziwani, na boti ile ile inagonga tezi mchangani huku mabaharia wakiruka majini kuisukuma. Hapakupita dhoruba yoyote. Kilichokosekana ni hesabu.

Kutia nanga ni kazi ya mikono kwa dakika chache tu. Kabla ya hapo ni kazi ya kichwa, na kazi hiyo ina vipimo vitatu: kina cha maji, urefu wa kamba, na nafasi ya chombo kuzunguka. Kwenye bandari nyingi vipimo hivi hupatana bila taabu. Kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika hugombana, na nahodha asiyejua kuvipatanisha atalala macho usiku kucha, au ataamka yuko juu ya mawe.

Ufuo mmoja, sakafu tatu

Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Pale penye kina kikubwa zaidi linafika mita 1,470. Lilitokana na ardhi kupasuka na kudidimia kwenye Bonde la Ufa, ndiyo maana mahali pengi mlima unaouona juu ya maji unaendelea kushuka vivyo hivyo chini ya maji. Lakini ncha ya kaskazini ina tabia zake, na mtu anayesafiri kilomita chache tu kuzunguka Uvira hukutana na sakafu za aina tatu.

Ya kwanza iko kaskazini, kuanzia Kavimvira hadi mdomo wa Ruzizi na kuendelea upande wa Gatumba, Burundi. Mto Ruzizi unashuka kutoka Ziwa Kivu ukibeba mchanga na tope, na umeyamwaga hapo kwa maelfu ya miaka. Sakafu inashuka taratibu, nanga inazama vizuri, na nafasi ipo. Kasoro yake ni kwamba pako wazi kwa mawimbi ya kusini, na kwamba matete ya delta ni makazi ya viboko na mamba. Hapo hakuna kushuka majini usiku kwenda kukagua kamba, hata maji yakiwa ya kiunoni.

Ya pili ni mbele ya mji wenyewe, kwenye midomo ya mito Mulongwe na Kalimabenge. Mito hii ni mifupi na mikali, inatoka moja kwa moja milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 Mulongwe ilifurika, ikaua watu wengi na kuzoa maelfu ya nyumba. Mto wa namna hiyo hauleti mchanga peke yake. Huleta mawe makubwa, magogo, mabati na vyuma. Nanga inayoshuka hapo inaweza kushika sana, kiasi cha kukataa kung'oka asubuhi.

Ya tatu iko kusini, ukishapita bandari ya Kalundu. Barabara inabanwa kati ya mlima na ziwa, mawe yanapokezana na vipande vya mchanga, na kina huongezeka upesi. Karibu na Pemba (si kile kisiwa cha Zanzibar, bali Pemba yetu ya kusini mwa Uvira) wanasayansi wamechunguza chemchemi za maji moto zinazotoka chini ya ziwa, kama zile za rasi ya Banza kwenye ncha ya Ubwari. Chemchemi hizo ni dalili kwamba mpasuko wa ardhi uko papo hapo chini ya chombo. Ufuo huo ndio unaohitaji hesabu kuliko mwingine wote, na tutaurudia.

Ziwa halina kupwa na kujaa, lakini linapanda

Baharia wa Lamu au Unguja hupima kina akiwa na saa mkononi, maana bahari ya kule inaweza kupanda na kushuka mita nne kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua. Huku kwetu kina ulichokipima jioni ndicho utakachoamka nacho.

Mabadiliko ya ziwa ni ya msimu na ya miaka. Kila mwaka maji hupanda hadi karibu Aprili na Mei, mvua zinapokwisha, kisha hushuka hadi Oktoba na Novemba. Juu ya mwendo huo wa kawaida kuna miaka ya maji mengi: ilikuwa hivyo miaka ya 1960, ikawa hivyo tena 2020 na 2021, na tena 2024, ziwa lilipoingia kwenye nyumba, barabara na viwanja vya kando ya maji Uvira na Gatumba. Kwa mtu wa nanga, maana yake ni kwamba ufuo wa zamani sasa unaweza kuwa sakafu ya ziwa. Kuna misingi ya nyumba, kuta na visiki vya michikichi mahali ambapo leo boti inaelea. Usitie nanga kwa kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita. Waulize wavuvi wa pale, kisha pima mwenyewe.

Kupima hakuhitaji mashine. Bildi inatosha: kipande cha risasi au chuma kwenye mwisho wa kamba nyembamba, yenye fundo kila baada ya mita moja au kila pima. Ukipaka sabuni au mafuta mazito chini ya bildi, itapanda na chembe za kile ilichokigusa. Mchanga utauona, tope utalinusa, na bildi ikirudi safi yenye mkwaruzo, ujue ni mwamba.

Uzito si nguvu

Mitumbwi mingi ya ufuoni hutumia jiwe. Kwa mtumbwi mwepesi unaosimama saa moja ya uvuvi, jiwe linafaa. Kwa boti ya safari halifai, na sababu yake inahesabika.

Chukua jiwe la kilo 40. Ndani ya maji linapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, linabaki na kama kilo 25. Halichimbi sakafu, linaburuzika tu juu yake, kwa hiyo nguvu ya kulikokota kwenye mchanga ni kama nusu ya uzito huo: kilo 12 au 13. Sasa chukua boti ambayo sehemu yake inayotazama upepo ina eneo la mita 6 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao si wa ajabu mchana wa kiangazi, huisukuma kwa nguvu ya kilo 34 hivi. Jiwe limeshashindwa. Upepo ukiongezeka maradufu, msukumo hauongezeki maradufu bali mara nne: kilo 130 na zaidi, na hapo bado hatujahesabu mishtuko ya mawimbi.

Nanga ya chuma iliyotengenezwa vizuri hushika kwa kuchimba. Makombe yake yanaingia kwenye mchanga na kila unapovuta yanazama zaidi, kama jembe nyuma ya ng'ombe. Mwanafizikia Mwingereza Geoffrey Taylor alilielewa jambo hili alipobuni nanga ya umbo la jembe mwaka 1933. Alitaka nanga kwa ajili ya ndege zinazotua majini, na ndege haiwezi kubeba chuma kizito. Nanga ya makombe mawili bapa ya Danforth, iliyopata sifa kwenye vyombo vya kutua askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, inafuata mawazo hayo hayo na inafaa sana kwenye mchanga na tope la Kavimvira. Kwenye mawe ya kusini, nanga ya kulabu nne ndiyo inayopata pa kujipachika, ila huko haichimbi, inanasa. Kinachonasa kinaweza kunasuka upepo ukigeuka.

Kamba ndefu ni nanga ya pili

Nanga yoyote inayochimba inataka kuvutwa kwa ulalo. Ukiivuta kuelekea juu, unaing'oa. Ndivyo tunavyoing'oa asubuhi. Kwa hiyo urefu wa kamba hupimwa kwa kulinganishwa na kina, na kwenye kina hicho lazima ujumlishe kimo cha omo, yaani urefu kutoka kwenye maji hadi pale kamba inapotokea mbele ya chombo. Maji ya mita 7 na omo ya mita 1 ni mita 8 za hesabu.

Kwa mapumziko ya mchana maji yakiwa shwari, kamba ya mara tatu inaweza kutosha. Kwa usiku, mara tano ukiwa na mnyororo, na mara saba ukiwa na kamba tupu. Kwenye mita zetu 8, mara tano ni mita 40. Kamba hiyo ikikazwa na upepo huinuka kutoka kwenye sakafu tambarare kwa pembe ya nyuzi 11 na nusu tu. Ukiachia mita 24, yaani mara tatu, pembe inakuwa nyuzi 19 na nusu, na nguvu ya nanga inapungua sana.

Aina ya kamba nayo ina neno. Nailoni hunyumbulika, hupokea mshtuko wa wimbi badala ya kuupeleka kwenye nanga. Ile kamba ya plastiki ya rangi, rahisi na inayoelea, ambayo imejaa kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, haifai kwa nanga: inaelea juu na kusubiri rafadha ya jirani. Funga mita tano hadi kumi za mnyororo kati ya nanga na kamba. Mnyororo hulaza mvuto chini, na mwamba hauwezi kuukata.

Mteremko unapoharibu hesabu

Sasa turudi kusini mwa Kalundu. Tuseme sakafu inashuka mita 1 kwa kila mita 4 unazosogea ziwani. Kina cha mita 7 kiko mita 28 tu kutoka ufuoni. Ukitia nanga hapo na kuachia mita 40 za kamba kama kanuni inavyosema, upepo wa ziwani ukivuma boti itafika nchi kavu kabla kamba haijakaza. Kanuni imefuatwa, na chombo kiko juu ya mawe.

Ngoja upepo wa mlimani uvume usiku. Boti inasukumwa kuelekea kwenye kina, na nanga inavutwa kuteremka. Kamba inapanda nyuzi 11 na nusu juu ya ulalo, sakafu inashuka nyuzi 14 chini ya ulalo. Kwa nanga, mvuto huo ni wa nyuzi 25 na nusu kutoka kwenye sakafu. Kamba yako ya mara tano sasa inafanya kazi kama ya mara mbili na kidogo. Nanga ikianza kukokota, kila mita inayosogea inaipeleka kwenye maji marefu zaidi, kamba inazidi kuwa fupi, hadi nanga inaning'inia bila kugusa kitu na boti inasafiri gizani bila nahodha kujua.

Dawa ni kuacha kuzunguka. Tia nanga mbali, upande wa ziwa, kisha rudi nyuma na ufunge tezi kwa kamba kwenye mti au jiwe imara la nchi kavu. Kwa mteremko ule ule, nenda hadi mita 80 kutoka ufuoni, kwenye kina cha mita 20, uangushe nanga hapo. Rudisha boti yako ya mita 12 hadi tezi iwe mita 20 kutoka ufuoni, ufunge. Kamba ya mbele itakuwa na kama mita 53. Kwa kanuni ya kawaida hiyo ni mara mbili na nusu tu ya kina, na mtu wa pwani angekukemea. Lakini nanga sasa inavutwa kupanda mlima: kamba inainuka nyuzi 24 hivi, sakafu nayo inapanda nyuzi 14 kuelekea huko huko, kinachobaki ni nyuzi 10. Inashika kana kwamba umeachia kamba mara sita. Upepo wa ziwani ukija, nanga inazidi kuchimba. Upepo wa mlimani ukija, kamba ya nchi kavu inabeba. Mteremko uliokuwa adui umekuwa upande wako.

Pepo mbili za kila siku, na kusi

Mpango huo unaeleweka zaidi ukijua pepo za Uvira. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, hewa inavutwa kutoka majini kwenda milimani. Usiku milima inapoa, hewa nzito inateremka mabondeni na kuelekea ziwani. Chombo kilichotiwa nanga moja kwa hiyo hugeuka nusu duara angalau mara mbili kwa siku. Kwenye sakafu tambarare ya kaskazini, boti ya mita 12 yenye kamba ya mita 40 inahitaji duara lenye upana wa zaidi ya mita 100, na jirani yako anahitaji lake. Ukimkuta ameshatia nanga, yeye ndiye mwenye duara. Wewe tafuta pengine.

Juu ya pepo hizi za kila siku kuna kusi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini mashariki hulisukuma ziwa kwa urefu wake, na mawimbi yaliyokusanya nguvu kwa makumi ya kilomita huishia kwenye kona yetu ya kaskazini. Ndiyo maana mchanga mzuri wa Kavimvira si bandari wakati wa kusi. Msimu wa mvua una hatari nyingine: ngurumo za alasiri huleta upepo wa ghafla usiofuata utaratibu wowote, ukishuka kutoka milimani kwa nguvu kwa nusu saa, kisha kimya.

Ukitaka kuona bandari ya asili inayojibu kusi, tazama ramani kusini mwetu. Rasi ya Ubwari imeungana na nchi kavu upande wa kusini na kunyoosha ncha yake kaskazini, ikiacha Ghuba ya Burton katikati yake na Baraka. Kusi inakuta ardhi kwanza. Nahodha anayetoka Uvira wakati wa kiangazi afadhali aijue ghuba hiyo kuliko kutegemea ufuo ulio wazi kwa sababu tu uko karibu na soko.

Kuitia, kuihakiki

Nahodha wengi chombo huenda mrama, na hakuna wakati methali hiyo inapothibitika kama wakati wa kutia nanga. Aamrishe mmoja, mwingine awe omo, na wakubaliane ishara za mikono mapema, maana injini hula maneno.

Ingia polepole ukielekea upepo unakotoka. Kwenye kina ulichochagua simamisha chombo kabisa. Teremsha nanga hadi iguse chini. Usiitupe, wala usimwage kamba yote juu yake, kwa sababu itajisokota kwenye makombe. Chombo kikianza kurudi nyuma chenyewe, achia kamba kwa kiasi kile kile kinachorudi. Ukifika urefu uliokusudia, funga, subiri ikaze, kisha rudisha injini taratibu kwa nusu dakika.

Wakati huo weka kiganja juu ya kamba mbele ya omo. Kamba ya nanga iliyoshika hukaza na kutulia, ngumu kama fimbo. Kamba ya nanga inayokokota hutetemeka: utasikia mikwaruzo na mikupuo midogo ikipanda hadi kwenye vidole, chuma kikirukaruka juu ya changarawe. Ukiisikia, usijipe moyo. Ing'oe, usogee, urudie.

Halafu chagua alama mbili nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, moja karibu na nyingine mbali: mchikichi wa ufuoni na mnara wa simu ulio nyuma yake mlimani, kwa mfano. Tafuta jozi nyingine kwa ubavuni. Boti itayumba, alama zitaachana kidogo na kurudiana. Zikiachana na kuendelea kuachana, unasafiri. Usiku chagua taa, lakini zisiwe taa za wavuvi. Nyota hizo za majini zinahama.

Na wewe uwe na taa. Desturi ya mabaharia duniani ni taa nyeupe moja inayoonekana pande zote kwa chombo kilichotia nanga. Usiku usio na mwezi ndio usiku wa ndakala, na vikundi vya uvuvi hupita na nyavu na karabai hadi alfajiri. Chombo cheusi kimya katikati ya njia yao ni ajali inayosubiri saa.

Kwenye sakafu yenye magogo kama ile ya Mulongwe, funga kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga, upande wa makombe, na boya dogo juu yake. Nanga ikinasa, unaivuta kwa kinyume na inatoka. Gharama yake ni kamba nyembamba na dumu tupu la mafuta; gharama ya kuikosa ni kuiacha nanga chini.

Maswali ya abiria

Wasomaji wengi wa makala haya hawatashika usukani. Watapanda kama abiria, na boti ikisimama mahali usiku watalala wakimwamini mtu mwingine. Abiria hawezi kuona nanga chini ya maji, lakini anaweza kuuliza mambo manne: hapa kina ni mita ngapi, umeachia kamba mita ngapi, upepo ukigeuka boti itafika wapi, na nani anakaa macho? Nahodha anayejua kazi yake ana majibu manne mafupi, maana aliyahesabu kabla ya nanga kugusa maji. Anayejibu kwamba nanga yake ni nzito hajajibu swali lolote, na abiria wake watafanya vizuri kulala na maboya yao wameyavaa.